Gari la zamani likikataa kuwaka: kutenganisha kosa la demareri na kosa la taimingi

Katika gereji za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, gari la zamani lisilowaka huletwa likiwa limekwisha kuhukumiwa: mwenyewe anasema demareri imekufa, na pengine amekuja na nyingine ya mtumba mkononi. Mara nyingi hukumu hiyo huwa ya haraka mno. Kazi ya demareri ni kuzungusha injini tu. Cheche za bujii ndizo huiwasha, na taimingi ndiyo huamua cheche hizo ziruke wakati gani. Cheche ikija mapema kupita kiasi, pistoni husukumwa chini kabla haijafika kileleni, na demareri hujikuta ikipigana na injini ileile inayojaribu kuiwasha. Kwa hiyo kosa la taimingi linaweza kuvaa sura ya demareri mbovu, na likiachwa, huiharibu demareri kweli.

Maelezo haya yanahusu magari ya petroli yenye delko (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila bujii kwa zamu yake), yaani yale ya karburateri yenye visi platine (swichi ndogo ndani ya delko; kila zinapofunguka, cheche huruka), na yale ya miaka ya 1980 na 1990 ambayo bado yana delko ingawa visi platine zimeondolewa. Magari ya dizeli hayana bujii za cheche, na yale mapya yenye bobini (koili inayozalisha umeme wa cheche) moja juu ya kila bujii hupangiwa moto na kompyuta. Hayo tunayaacha kando. Demareri ndiyo ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita stata, na bujii ni plagi kwao.

Kabla ya kugusa chochote, weka gia katika nyutro, vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya tairi. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, jiwe hilo si pambo. Vaa nguo isiyoning'inia, vua pete na saa ya chuma, na usiwashe kiberiti karibu na batri, kwa sababu batri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Vifaa vinavyotosha kwa sehemu kubwa ya kazi ni multimita, taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, brashi ya waya, na kipimo cha vibamba vyembamba cha kupimia nafasi.

Unageuza ufunguo, na kunakuwa kimya

Sababu ya kwanza ni batri au vichwa vyake. Washa taa kubwa, kisha mwombe mtu ageuze ufunguo huku wewe ukizitazama. Taa zikizimika kabisa, umeme unakatika katika kiungo kibovu, na kiungo hicho mara nyingi ni kichwa cha batri chenye unga mweupe au wa kijani. Kifungue, kikwangue kwa brashi mpaka risasi ing'ae, ukikaze tena. Taa zikiendelea kuwaka kwa nguvu bila kutikisika, basi umeme mwingi upo, ila amri ya ufunguo haifiki kwenye demareri.

Katika hali hii ya pili, tafuta waya mwembamba unaoingia katika solenoidi, ile silinda ndogo iliyopanda juu ya demareri. Pima volti zake huku ufunguo ukiwa umegeuzwa. Pasipo na kitu, kosa liko nyuma: swichi ya ufunguo, fyuzi, au, kwa gari la otomatiki, swichi inayozuia kuwasha gari likiwa ndani ya gia. Jaribu kuwasha katika N badala ya P. Likiwaka, umeshapata jibu bila kufungua boliti hata moja. Zikifika volti 10 au zaidi na solenoidi isitoe sauti yoyote, hapo sasa demareri inastahili kuteremshwa.

Tak-tak-tak, au injini inazunguka kwa uvivu

Mlio wa haraka unaorudiarudia maana yake ni kwamba solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Batri imeishiwa. Ipime gari likiwa limelala kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni batri iliyojaa, 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha ipime wakati demareri inazunguka. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, wakati kabla ya hapo ilionekana imejaa, batri yenyewe imechoka ndani, na kuichaji kutakupa asubuhi mbili au tatu tu. Gari likishawaka, pima tena: unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12.3, lawama ni ya alternata, inayochaji batri, na batri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Batri ikiwa nzima na mzunguko bado mzito, angalia waya wa masi, ule unaounganisha batri na bodi na injini. Hapa kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya batri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu azungushe demareri. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya huo unakula umeme uliopaswa kufika kwenye demareri. Nimeona injini ambayo masi yake ilikuwa imekatika, na umeme ukawa unarudi kupitia kebo ya karburateri, ambayo ilipata moto mpaka plastiki yake ikayeyuka. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua batri mbili.

Usizungushe demareri zaidi ya sekunde 10 kwa mfululizo, na ipumzishe angalau nusu dakika kabla ya kurudia. Ukiona moshi kwenye waya mnene au ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, acha papo hapo.

Mlio mmoja mzito, kisha hakuna kitu

Dalili hii inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo huwauzia watu demareri wasizozihitaji. Unageuza ufunguo, unasikia "tak" moja safi, taa hazififii, injini haisogei. Unajaribu mara sita au saba, na mara ya nane inawaka kana kwamba haijawahi kuumwa. Wiki ifuatayo inafika mara kumi na tano.

Batri na vichwa vyake vikiwa vizima, chanzo kinachojirudia zaidi, hasa katika demareri za Nippondenso zilizomo katika Toyota nyingi za umri huo, ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Plunja (chuma kinachoteleza ndani ya solenoidi) inapovutwa, kisahani chake cha shaba hugusa vipande vyote viwili kwa pamoja na kuupitisha umeme mkubwa. Kila mguso huunguza shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande cha upande wa batri huwa kimeliwa na kubaki na shimo jeusi lenye umbo la mwezi mchanga, ilhali mwenzake bado ni mnene. Kisahani hugusa upande mmoja na kubaki hewani upande wa pili.

Hakikisha kwanza kwa kupima. Solenoidi inapotoa mlio, nguzo yake kubwa inayopokea waya wa batri iwe na volti zake, na nguzo ya pili, inayoshuka kwenye mota, iwe nazo pia. Zikiwapo kwenye ya kwanza na zikakosekana kwenye ya pili, shaba imeisha. Ondoa waya hasi wa batri, teremsha demareri, fungua boliti ndogo tatu za kifuniko cha mviringo nyuma ya solenoidi, uitoe plunja pamoja na springi yake, nawe utaviona vipande hivyo bila kuambiwa. Vinabadilishwa peke yake. Mafundi wengine huvigeuza au kuvijaza risasi ya kulehemu. Kuvigeuza husaidia kwa muda, lakini risasi huyeyuka, kwa hiyo sishauri. Hakikisha vipya vimekaa katika kimo kimoja kabla ya kukaza, la sivyo dalili itarudi siku hiyohiyo.

Vipimo vikionyesha kwamba umeme unafika hadi kwenye mota na mota haigeuki, sababu iliyobaki ni brashi za kaboni zilizokwisha, na kwa nadra zaidi, bushi za mota zilizolika. Kugonga mwili wa demareri kidogo kwa mpini wa nyundo kunaweza kuziamsha brashi mara moja ili ufike gereji. Kuna jambo jingine la nadra lakini zito: injini yenyewe imekwama. Weka spana ndefu kwenye boliti ya puli ya mbele na ujaribu kuizungusha kwa mkono. Isiposogea kabisa, usilazimishe, wala usikubali gari lisukumwe. Huenda kuna maji juu ya pistoni au kitu kimevunjika ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wa injini.

Demareri inalia "zzzz" lakini injini haizunguki

Mota inazunguka bure. Bendeksi (gia ndogo ya demareri inayoshika meno ya injini) inateleza au haisogei mbele, na katika hali mbaya, meno ya gurudumu kubwa la injini yameliwa sehemu moja. Utaitambua hali ya meno kwa sababu gari huwaka siku nyingine na kukataa siku nyingine, na ukilisogeza kidogo likiwa ndani ya gia, linawaka. Bendeksi hubadilishwa ikiwa demareri iko mezani. Meno yanahitaji gia boksi kuteremshwa.

Injini inapiga teke, au inakuwa nzito ikiwa na moto tu

Asubuhi gari linawaka vizuri. Ukilizima sokoni kwa dakika kumi na kurudi, demareri inazunguka nusu mzunguko, inasimama kwa kishindo kama iliyogonga ukuta, kisha inaendelea. Wengi husema demareri "inachoka na joto". Zipo demareri za namna hiyo, na masi mbovu hufanya vilevile, kwa hiyo rudia vipimo vya hapo juu. Lakini kishindo kile cha kurudi nyuma ni alama ya taimingi iliyotangulizwa kupita kiasi.

Corolla moja ya karburateri ililetwa kwetu ikiwa na demareri ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Pua ya alumini ya demareri ya pili ilikuwa imepasuka; mwenyewe aliibeba katika mfuko wa plastiki kama ushahidi dhidi ya muuzaji. Tulipoweka taa ya taimingi (humulika kila bujii ya kwanza inapotoa cheche), alama ya puli ilikuwa imepita kipimo chote na kuonyesha kadiri ya digrii 20, ilhali kibandiko chini ya boneti kilitaka 8. Kilichotokea kilieleweka: gari lilikuwa dhaifu kwenye mpando, fundi fulani akaizungusha delko kwa kusikiliza kwa sikio tu mpaka injini "ikaimba", na tangu siku hiyo kila kuwasha kukiwa na joto kukawa ni vita. Demareri ya tatu haikuhitaji kuguswa.

Inazunguka vizuri, ila haishiki moto

Hapa demareri imeondolewa lawama. Tafuta cheche kwanza: chomoa waya wa bujii moja, weka bujii ya akiba ndani yake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na karburateri na mabomba ya petroli, shika waya kwa koleo yenye mpira, kisha mtu azungushe. Cheche iwe ya buluu na yenye sauti. Nyekundu na legevu haitoshi. Umeme huu ni wa maelfu ya volti. Mwenye kifaa cha moyo asikaribie.

Pasipo na cheche, fungua kifuniko cha delko. Katika miezi ya mvua, ambayo huku kwetu huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, unyevu ndani ya kifuniko ndio mkosaji wa kwanza, akifuatwa na vijana waliosafisha injini kwa bomba la maji. Kikaushe kwa kitambaa, utazame kama kuna mstari mwembamba mweusi uliochorwa ndani: huo ni ufa ambao cheche hupitia, na kifuniko hicho hakitengenezeki. Angalia roto (kipande kinachozunguka ndani ya delko) na kaboni ndogo ya katikati ya kifuniko. Kisha visi platine: nafasi yake katika injini nyingi za aina hii ni kama milimita 0.45, na nyuso zake zisiwe na mashimo wala mafuta. Kondensa (kifaa kidogo kinacholinda visi zisiungue) iliyokufa huunguza visi mpya ndani ya siku chache. Mwisho bobini.

Dalili mbili ndogo hukuokolea saa nzima. Injini ikishika moto demareri inapozunguka na kuzimika pale tu unapoachia ufunguo, rezista ya bobini (inayopunguza umeme wake injini ikishawaka) imekatika. Na ikishika pale tu unapoachia, waya unaoipa bobini umeme wakati wa kuwasha ndio uliokatika.

Cheche zikiwapo na petroli ipo, lakini injini inapiga chafya kwenye karburateri au mlipuko kwenye ekzosi, basi nyaya za bujii zimechanganywa au delko imerudishwa ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Mpangilio wa injini nyingi za silinda nne za Japani ni 1-3-4-2, ukifuatwa kwa upande ambao roto huzungukia. Hali hiyo ikianza ghafla barabarani, bila mtu kugusa kitu, shuku mkanda au mnyororo wa taimingi kuwa umeruka meno. Hapo usiendelee kuzungusha. Katika injini ambazo valvu na pistoni hukutana, kila jaribio linaweza kukunja valvu nyingine.

Inawaka, lakini inakufa kwenye mpando, au inalia kama misumari ndani ya kopo

Taimingi iliyochelewa hufanya gari zito, injini inapata moto, na bomba la ekzosi karibu na injini huweza kuwa jekundu usiku. Iliyotangulia hutoa mlio mkavu wa misumari unapokanyaga mafuta kwenye mlima kwa gia kubwa. Mlio huo hutoboa pistoni ukiachwa, ingawa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huuleta pia. Badilisha kituo cha petroli kwanza kabla ya kugusa delko.

Jiografia yetu inaingia hapa. Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya karburateri hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake bila kuumwa popote. Hewa nyepesi huvumilia cheche ya mapema kidogo, na ndiyo maana mafundi wengi hapa huongeza digrii mbili tatu. Sina ugomvi na hilo. Tatizo ni kwamba gari hilohilo likipita Ngomo na kuteremka bonde la Ruzizi hadi Uvira, kando ya Tanganyika, linakuta hewa nzito na joto kwenye mita karibu 770, na zile digrii za ziada zinageuka kuwa misumari. Anayesafiri njia hiyo kila wiki abaki na kipimo cha kiwandani.

Kuirudisha taimingi mahali pake

Anza na nafasi ya visi platine, kwa kuwa kuibadilisha kunabadilisha taimingi: kisigino cha visi kikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Kisha washa injini mpaka ipate joto la kawaida, chomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini unaotanguliza cheche) kwenye delko na uzibe ncha yake, shusha mzunguko hadi ule wa kutulia, na ufunge taa ya taimingi kwenye waya wa bujii namba 1. Wengi huusahau mpira huo. Katika magari ambayo vakyumu hufanya kazi hata injini ikiwa imetulia, utakuwa umepanga taimingi iliyochelewa bila kujua. Magari yenye sindano za petroli na kompyuta huhitaji kwanza vituo viwili vya soketi ya uchunguzi viunganishwe. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni TE1 na E1. Legeza boliti ya delko kidogo tu, uizungushe polepole: kinyume na mwendo wa roto hutanguliza cheche, kuifuata huichelewesha. Kaza, pima tena, kwa maana kukaza kwenyewe huisogeza.

Asiye na taa hiyo lakini ana visi platine aweke puli kwenye alama, silinda ya kwanza ikiwa katika mgandamizo, afunge taa ya volti 12 kati ya nguzo ya bobini inayokwenda kwenye delko na masi, afungue ufunguo bila kuwasha injini, kisha aizungushe delko kinyume na mwendo wa roto mpaka taa iwake. Hapo visi ndipo zinapofunguka. Njia hii ni ya zamani na ni sahihi kuliko sikio la mtu yeyote.

Ukiona alama inarukaruka chini ya mwanga badala ya kutulia, usihangaike kuizungusha delko. Shika ncha ya roto uitikise kando: ikicheza, bushi ya delko imeisha. Isipocheza, mnyororo umelegea au springi za vizito vya ndani ya delko zimekatika, na kila kipimo utakachoweka kitakuwa kimehama kabla hujafunga boneti. Gari hilo lipelekwe kwa fundi mwenye delko ya kulinganisha. Na kama ufunguo ukiachiwa demareri inaendelea kuzunguka pamoja na injini, shaba za solenoidi zimeungana kwa moto: ng'oa waya hasi wa batri mara moja, ukitumia kitambaa kikavu, wala usiurudishe mpaka demareri iwe imeteremshwa.